Moshi wa Sabuni

Nilifika Kigoma miaka ile ambayo kila mtu mjini alikuwa anakimbia, hata sisi ambao hatukukimbia vita. Warundi walishuka kwa miguu na mitumbwi, wengine walivuka ziwa kutoka Zaire, malori ya misaada yalipita usiku na mchana kuelekea kwenye makambi, na watumishi tulioletwa kutoka mikoa mingine tulikula tumesimama. Mimi nilitoka Lushoto. Nilikuwa bibi afya: kazi yangu ilikuwa maji, vyoo, nyama ya buchani, na pia moshi, jambo ambalo sheria ililitaja kwa maneno machache na ambalo hakuna mtu ofisini aliyekuwa ameniuliza habari zake tangu nitoke chuoni.

Nilipanga chumba mtaa wa Rusimbi kwa mjane mmoja wa makamo, Mwislamu aliyezaliwa Kalinzi na kuolewa Ujiji. Aliishi na mjukuu wake wa kike, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Mama wa mtoto huyo alipata kazi ya kupika kwenye kambi moja upande wa Kasulu, akawa anakuja nyumbani kwa nadra. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa Kiha, "Mwakeye," nami sikujua niitikie nini, nikasema shikamoo. Akacheka, akanishika mkono kuniingiza ndani.

Siku ya kwanza nilifua sare zangu nyeupe nikazianika uani. Niliporudi mchana zilikuwa na vidoadoa vyeusi, kama vile inzi walikuwa wametua wakasahau kuruka. Nikaanza kufuta kimoja kwa kidole.

"Usifute, mwanangu," alisema mama mwenye nyumba kutoka jikoni. "Pukuta. Ukifuta umelipaka."

Nilikuwa nimekwisha kuchelewa kwa lile la kwanza. Doa lilikwisha kuwa mstari wa mafuta. Yalikuwa masizi. Nikamuuliza yanatoka wapi, akaelekeza mwiko upande wa ziwani. "Kiwanda cha sabuni."

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, chini yetu, karibu na njia ya kwenda ziwani. Kilikuwa kinatengeneza sabuni za mche kwa mawese, na watu wa mtaani waliniambia kwamba zamani walikipenda, kwa kuwa kilichoma kuni na harufu yake ilikuwa ya nguo safi. Wakimbizi walipokuja, mashirika yakataka sabuni nyingi kuliko kilivyowahi kutengeneza. Kuni nazo zikawa haba, maana kila mtu alikuwa anapika, makambini na mjini, na vilima vilianza kuonekana udongo. Lakini matairi hayakuwa haba. Barabara za kwenda makambini zilikuwa zinatafuna matairi ya malori, na yaliyokufa yaliletwa kiwandani, yakakatwa kwa shoka, yakamwagiwa oili chafu na kutupwa ndani ya boila. Hivyo lori lilipeleka sabuni kwa mkimbizi, na tairi lake likarudi Rusimbi kwa njia ya hewa.

Mchana upepo wa Kigoma hutoka ziwani kupanda nchi kavu. Ndio wakati moshi ulipotufikia. Nilijifunza kuujua ujio wake kwa yule mtoto kabla ya kuunusa mwenyewe. Aliacha kucheza, akakaa kizingitini, akaweka mikono juu ya magoti na kuinua mabega. Kifua chake kilitoa sauti nyembamba kama mlango unaofunguliwa polepole. Bibi yake alilowesha kanga akaitundika dirishani. Nami nikiwa ofisini, kila ikikaribia saa sita, miguu ilianza kunicheza chini ya meza. Nilitoka nje kutazama bendera upepo unaelekea wapi, nikarudi ndani, nikatoka tena. Wenzangu walidhani namngoja mtu.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mtu wa Mara, mkali lakini si mbaya, ambaye viatu vyake havikuwahi kukauka tope la kambini. Nilimweleza habari za moshi amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Moshi?" alisema. "Kipindupindu kinanyemelea ufukweni, wewe unaniletea moshi?"

"Sheria ya afya inasema moshi unaodhuru majirani ni kero, na mwenye nao lazima auondoe."

"Sheria naijua. Watu wa kuitekeleza ndio wako ufukweni." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Ukipata nafasi, nenda."

Nikachukua hilo kuwa ruhusa, nikaenda siku hiyo hiyo.

Mwenye kiwanda alikuwa mzee wa Ujiji, mfupi, kofia ya kitambaa, ngozi ya mikono imebabuka kwa miaka ya kushika kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni. Nilimkuta anakata miche ya sabuni kwa waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bibi afya. Umekuja kutazama vyoo?"

"Nimekuja kutazama moshi."

Alicheka, kisha alipoona sicheki akaweka waya chini. Tulitoka nje. Chuoni tulikuwa tumepewa kadi yenye vyumba vya rangi, kutoka kijivu cha maji hadi cheusi. Unainyoosha kwa mkono ukiangalia mdomo wa bomba, unalinganisha. Niliinyoosha. Moshi uliokuwa ukitoka pale ulikuwa mweusi kuliko chumba cha mwisho. Mzee akaniomba kadi, akaangalia kama nilivyofanya mimi, jicho moja amelifumba.

"Kadi yako imepauka," alisema.

"Kadi haijapauka, mzee. Unachoma matairi."

Hakukana. Alinipeleka kwenye banda lililojaa sabuni mpaka juu, akaweka kiganja juu ya mche mmoja. "Hizi zinakwenda wapi, unajua? Kwa wale wanaoshukia Kagunga, na kule makambini. Nikizima moto leo, wewe bibi afya utawaambia wanawe mikono kwa kitu gani? Kwa majani?"

Nilitoka pale kichwa kinaniuma, sijui ni kwa moshi au kwa swali, na badala ya kwenda nyumbani nilitembea mpaka Ujiji na kurudi, bila shida yoyote ya kunipeleka huko.

Wiki haikupita kabla mtoto hajazidiwa. Ilikuwa mchana, upepo umekaza. Nilipofika nyumbani midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na bibi yake alikuwa amempakata anamsomea dua sikioni. Jirani mwenye baiskeli akawapakia wawili, mimi nikakimbia nyuma yao mpaka hospitali. Alichomwa sindano, akawekewa hewa, na ilipofika alasiri akaomba chai. Daktari, kijana aliyekuwa amechoka sana, alituambia maneno machache tu: "Mtoeni kwenye moshi."

"Nimtoe nimpeleke wapi?" mama mwenye nyumba aliniuliza tukiwa barandani. "Nyumba yangu ni ile."

Mwishowe aliamua kumpeleka kwa kaka yake Kalinzi. Niliomba ruhusa nikawasindikiza kwa pikapu iliyokuwa inapanda kuchukua ndizi. Hapo njiani, kabla mlima haujaanza, tulipita vijiji vya michikichi, na dereva akasimama kuongeza maji kwenye rejeta. Wanawake walikuwa wamekaa kivulini wanagonga mise, zile kokwa za chikichi, kwa mawe. Kiini kinakwenda kwenye mafuta, ganda linatupwa. Nyuma yao maganda yalikuwa lundo refu kuliko mimi, na mengine yamemwagwa njiani kuzuia tope. Karibu na hapo mama mmoja alikuwa anapikia maganda hayo hayo. Moto wake ulikuwa mkali, hauna moshi wa kutajwa. Nilichutama pale nikautazama mpaka dereva akapiga honi.

Kalinzi kulikuwa na baridi iliyonikumbusha kwetu. Mtoto alilala bila kifua kukoroma. Mama mwenye nyumba alikaa kando yake anamsikiliza anavyopumua, mkono mdomoni, kana kwamba anaogopa kuuamsha usingizi wenyewe. Asubuhi niliwaacha wote wawili kwa kaka, nikateremka peke yangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenye kiwanda.

"Mzee, kwa nini usichome maganda ya mise?"

"Unadhani siyajui? Nimezaliwa katika mawese, bibi afya. Nani ataniokotea maganda kijiji kwa kijiji? Matairi yanaletwa mpaka mlangoni."

Nilimshukuru kwa kusema kweli. Kesho yake nikamwandikia ilani. Niliamuru mambo mawili: aache matairi na oili chafu, na arefushe bomba ili moshi upite juu ya mapaa ya watu. Nilimpa muda mpaka mwisho wa mwezi. Yeye akaanza na lile jepesi. Mafundi waliunga mabomba, wakayafunga kwa nyaya za chuma pande zote, na bomba likasimama refu kuliko mnazi. Juu ya lile la matairi akaniambia, "Hilo nipe muda kidogo."

Rusimbi ilifurahi. Kanga zilikauka zikiwa safi. Majirani walinisimamisha njiani kunishika mkono, na mama mwenye nyumba, aliyekuwa ameteremka kuangalia nyumba yake, alinipikia ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga akakaa kunitazama ninavyokula. "Sasa nitamrudisha mjukuu wangu," alisema.

"Ngoja kwanza, mama," nilimwambia.

Sikuweza kutulia kwenye furaha ile. Moshi ulikuwa mweusi vile vile. Ulichopata ni kimo tu. Nilisimama uani nikaufuata kwa macho. Ulipita juu yetu, ukainama, ukashukia kilimani, kwenye nyumba za bati jipya na bustani, walikokaa wakubwa wa serikali.

Kabla sijajua la kufanya, nilitumwa Kagunga. Watu walikuwa wanateremka milima ya mpakani kwa makundi na kungoja meli ya kuwaleta Kigoma, ufuko ule ukiwa mwembamba, ziwa mbele, mlima nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuhimiza vyoo vya muda na kugawa sabuni. Zilikuwa hazitoshi. Tulikata kila mche vipande, kisha tukakata vipande vipande zaidi. Ubavuni mwa kila mche palikuwa na chapa ya kiwanda cha yule mzee, na kisu changu kilikuwa kinapita katikati ya chapa hiyo asubuhi mpaka jioni.

Alikuja mama mmoja Mrundi, mtoto mgongoni, mwingine ameshika sketi yake. Akanisalimia, "Amahoro," nami nikamjibu hivyo hivyo. Nikampa kipande chake. Akakitazama kiganjani, kilikuwa kama kipande cha biskuti.

"Dada," alisema kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, "huyu anaharisha. Kubwa hakuna?"

"Hakuna, mama. Kesho pengine."

Hakubishana. Alikwenda majini akamwosha mtoto kwa kile kipande, polepole, akawa anakificha ndani ya ngumi kila wimbi lilipokuja lisije likamnyang'anya. Nilisimama pale na kisu changu. Niliwaza mtoto wa Rusimbi akiwa ameinua mabega, na niliwaza huyu wa majini, na kila nilipotaka kumchagua mmoja mwingine alikuja mbele. Siku zote nilizokaa Kagunga sikukaa kitako hata kula.

Niliporudi ofisini mkuu wangu alikuwa ananingoja. Safari hii alikuwa ameketi, jambo geni.

"Umeshinda," alisema. "Kiwanda kifungwe leo. Amri kutoka juu."

"Kwa nini leo?"

"Moshi umefika nyumbani kwa mkubwa. Mapazia ya mkewe yamechafuka, mtoto wake anakohoa." Akanitazama. "Si ndicho ulichokuwa unataka?"

"Sikutaka kifungwe. Nilitaka kiache matairi."

"Bibi afya," alisema, akashika paji la uso, "kwa nini wewe huridhiki na kitu chochote?"

Hasira ilinipanda, na si kwake. Rusimbi ilikohoa miezi mingi na hakuna aliyeinua kichwa. Kilima kimekohoa kwa siku chache na amri imekwisha kutolewa. Nikamwomba anipeleke kwa huyo mkubwa. Alikataa, kisha akasimama akachukua kofia yake. Nadhani naye alikuwa amewaona watu wa ufukweni.

Tulikaa wanne katika ofisi yenye feni isiyozunguka, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika: mkubwa mwenyewe, mkuu wangu, mwenye kiwanda, na mimi. Mzee alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amekaa kwenye ncha ya kiti. Mkubwa alisema kwa ufupi kwamba suala limekwisha, alitaka tu kusikia limetekelezwa lini.

"Mheshimiwa," nilisema, na sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyokusudia, "mimi ndiye niliyemwandikia ilani. Moshi ule unaumiza watu, sina shaka. Lakini nimetoka Kagunga jana. Sabuni tunayogawa kule ni ya mzee huyu. Tukimfungia, tutawaponya watu vifua hapa na kuwaua kwa kuhara kule."

"Kwa hiyo nivumilie moshi?"

"Hapana. Wala Rusimbi wasivumilie, na wao walianza zamani. Tupige marufuku matairi na oili, kuanzia leo. Boila lichome maganda ya mise. Nami nitakwenda kukagua bila kutoa taarifa, na nikikuta tairi nitafunga mwenyewe."

Mkubwa akamgeukia mzee. "Maganda hayo yapo?"

Mzee alinitazama mimi kwanza. Alikuwa na nafasi ya kusema hayapatikani, nami nisingekuwa na la kumjibu.

"Yapo," alisema. "Ni taabu kuyakusanya."

"Magari yako yanayoleta mawese yanatoka vijiji hivyo hivyo," nilisema. "Yapakie na maganda."

"Yatapunguza mawese."

"Kufungwa kutapunguza yote," alisema mkuu wangu, akifungua kinywa kwa mara ya kwanza.

Feni haikuzunguka, jasho lilitutoka, na mkubwa akagonga meza kwa kalamu muda mrefu. Hatimaye alisema tumjaribu mzee, lakini kama pazia lake litachafuka tena hataki kuona sura ya mtu yeyote kati yetu. Nilitaka kusema jambo juu ya mapazia ya Rusimbi. Mkuu wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Haikwenda vizuri mara moja. Boila lililozoea mpira lilikataa maganda, sehemu ya kuwashia moto ikabidi ibomolewe na kujengwa upya, na kwa siku hizo sabuni haikutengenezwa kabisa. Nilikuwa nikisikia habari za Kagunga kila jioni na kujilaza macho wazi. Kisha moto ukashika. Asubuhi boila lilipowashwa palitoka moshi mweupe, mzito, halafu ukafifia mpaka unaona tu hewa inatetemeka juu ya bomba. Nilinyoosha kadi yangu. Nilirudia mara nyingi, nikibadilisha mahali pa kusimama, kwa sababu sikuamini.

Wanawake wa vijiji vya michikichi walianza kuuza walichokuwa wanatupa. Mjukuu wa mama mwenye nyumba alirudishwa kutoka Kalinzi shule zilipofunguliwa, aanze darasa la kwanza. Hakupona kabisa, kifua chake kiliendelea kumsumbua msimu wa baridi, na bado kuna siku alikaa kizingitini. Lakini hakupelekwa tena hospitali kwa baiskeli muda wote nilioishi pale.

Mvua kubwa ziliponyesha na barabara za vijijini kukatika, nilikwenda kiwandani bila taarifa nikakuta vipande vya matairi nyuma ya banda, vimefunikwa turubai. Niliwaambia wafanyakazi watoke, nikafunga mlango wa boila kwa mnyororo na kufuli la ofisi. Mzee alikuja mbio kutoka msikitini.

"Mvua, bibi afya! Utanilaumu kwa mvua?"

"Sikulaumu, mzee. Nimefunga tu. Maganda yakifika nitafungua."

Maganda yalifika siku ya tatu, yamelowa, kwenye lori lililojaa tope mpaka madirishani. Tulisimama pamoja chini ya bati tukiwatazama vijana wakiyatandaza yakauke. Nilifungua kufuli. Mzee akaniuliza bila kunitazama:

"Watakuhamisha lini?"

"Sijui. Nikiondoka ataletwa mwingine."

"Ndilo ninaloliogopa," alisema. "Huyo atafunga asifungue." Akavua kofia, akakung'uta maji, akaingia ndani kuwahimiza watu wake.